Basi, Breki na Tani Ambazo Hazikutajwa

Basi linakwenda kilometa 80 kwa saa kwenye lami kavu. Dereva anakanyaga breki hadi mwisho. Litasimama baada ya mita ngapi? Mpe mwanafunzi wa kidato cha tatu swali hili, na mara nyingi atauliza: "Mwalimu, basi lenyewe lina tani ngapi?"

Amezoeshwa kuokota namba na kuzitia kwenye kanuni, kwa hiyo namba moja ikikosekana anakwama. Nawasihi walimu wenzangu: wafundisheni kuchora kabla ya kukokotoa. Chora basi kama kisanduku. Uzito wake, mg, unalivuta chini. Barabara inalisukuma juu kwa kani iliyo sawa na hiyo. Kisha chora mshale mmoja wa kurudi nyuma, msuguano wa matairi na lami. Basi. Mshale wa kwenda mbele haupo, ingawa wengi huuchora wakiamini kwamba kila kinachokwenda mbele lazima kisukumwe. Newton aliikataa imani hiyo katika kitabu chake cha 1687.

Kwa lami kavu tuchukue msuguano kuwa 0.7 ya uzito. Sheria ya pili ya Newton inatupa 0.7mg = ma. Herufi m iko pande zote mbili, hivyo inafutika, na tani zinaondoka nayo! Abiria wakiongezeka, matairi hubanwa zaidi kwenye lami na msuguano hukua, lakini tungamo la kusimamisha nalo hukua kwa kiasi kile kile. Aliyekimbilia namba hawezi kuliona hili, ndiyo maana nasisitiza herufi zibaki herufi hadi mstari wa mwisho.

Sasa namba ziingie. Mwendo unapungua kwa 0.7 × 9.8, karibu mita 6.9 kwa sekunde kila sekunde. Kilometa 80 kwa saa, ukigawanya kwa 3.6, ni mita 22.2 kwa sekunde. Chukua mraba wa 22.2, gawanya kwa mara mbili ya 6.9: unapata mita 36 hivi. Barabarani huwa zaidi, kwa sababu sekunde moja ya dereva kushtuka hula mita 22 kabla mguu haujagusa breki, na breki za upepo za magari makubwa huchelewa kidogo kushika.

Mraba huo ndio ninaotaka kila mwanafunzi aukazie macho. Weka basi la pili sambamba na la kwanza, likienda kilometa 100 kwa saa, na madereva wote wakanyage breki kwa pamoja. Likifika pale lenzake litakaposimama, litakuwa na mwendo gani? Wengi hutoa 80 kwenye 100 na kujibu 20. Lakini kwa umbali ule ule tunatoa miraba: 10,000 kutoa 6,400 ni 3,600, ambayo kipeuo chake cha pili ni 60. Basi la pili linapita mahali pale kwa kilometa 60 kwa saa. Ile 20 ni mwendo wake dakika ile ile la kwanza linaposimama, na wakati huo limekwishapita mahali hapo kwa mita 18.