Leseni Imeisha, Kesi ya Zamani Ipo: Ulipe Wapi?

Kwa dereva wa teksi au tuktuk anayepeleka wageni kutoka Ukunda hadi ufuo wa Chale, leseni ikiisha kazi imesimama. Mambo huwa magumu zaidi ukikumbuka kesi ya trafiki ya miaka ya nyuma: ulikamatwa, ukalipa dhamana, kortini hukwenda. Hapo ndipo broka hutokea. "Nitumie elfu sita kwa simu, nikusafishie jina." Tunakuomba, usitume.

Haya ni mambo mawili tofauti. Leseni hufanywa upya na NTSA kupitia eCitizen. Kesi iko kortini. Kulipia leseni hakufuti kesi, wala broka hana uwezo wa kuifuta.

Tuanze na kesi. Dhamana si faini. Ni ahadi kwamba utafika kortini. Usipofika, korti inaweza kuchukua pesa hiyo na kutoa amri ukamatwe. Kwa hivyo beba kitambulisho na risiti ya dhamana, uende korti uliyotakiwa kufika, iwe Kwale au Msambweni, na umuulize karani kesi ilifikia wapi. Ukiwa na wasiwasi, nenda na wakili. Kama hakimu alisimamisha leseni yako, subiri muda uishe. Kama ni faini, pengine si kubwa kama ulivyodhani: kwa kanuni za 2016, faini ya kutofunga mkanda ni shilingi 500, na ya kutumia simu ukiendesha ni 2,000.

Kisha leseni. Ingia eCitizen kwa akaunti yako mwenyewe, fungua huduma za NTSA, chagua mwaka mmoja au mitatu. Utapewa bili. Paybill ni 222222, na namba ya akaunti ni ile iliyo kwenye bili yako. Mtandao unakusumbua? Huduma Centre ya Kwale watakusaidia.

Unapolipa, kumbuka:

- Simu ikikuonyesha jina la mtu binafsi, katiza hapo hapo.
- PIN ni yako peke yako. Hata sisi hatutakuuliza.
- Usifute ujumbe wa malipo. Ndio ushahidi wako.

Pesa ikishaingia kwa broka, kuirudisha ni kazi, na kesi yako bado iko pale pale kortini.