Deewaar: Mama Kati ya Mwizi na Askari

Katika miji ya Afrika ya Mashariki, kama Mombasa, Unguja na Nairobi, sinema za Kihindi zilipata watazamaji wengi kwa miaka mingi, na miongoni mwao walikuwamo watu wasiojua hata neno moja la Kihindi. Hawakumhitaji sana mkalimani, kwa kuwa mambo yaliyoonyeshwa humo yalikuwa mambo ya nyumbani: baba aliyeaibika, mke aliyeachwa na watoto, ndugu waliokosana. Katika sinema hizo iko moja inayostahili kuangaliwa kwa makini, nayo ni Deewaar, maana yake "Ukuta", iliyotolewa huko India mwezi wa Januari, mwaka 1975.

Aliyeiongoza ni Yash Chopra, na hadithi yake iliandikwa na watu wawili waliozoea kufanya kazi pamoja, Salim Khan na Javed Akhtar. Ndani yake mna ngumi, bastola na magendo ya dhahabu, na wengi waliingia kuitazama kwa ajili ya hayo. Lakini waliporudi makwao walichukua swali zito: Je, mtu aliyedhulumiwa ana ruhusa ya kuvunja sheria?

AIBU ILIYOCHANJWA MKONONI

Hadithi yaanza katika mgodi wa makaa ya mawe. Anand Verma ni kiongozi wa wafanya kazi, naye adai haki zao bila woga. Matajiri wa mgodi wawakamata mkewe na wanawe wawili, kisha wamwekea karatasi mbele yake: atie sahihi ya kuyaacha madai ya wenzake, ama jamaa yake wauawe. Atia sahihi. Wafanya kazi wamwona kuwa msaliti, wampiga na kumtukana, hata ashindwa kustahimili na kuutoroka mji. Ndipo watu wenye hasira wamshika mtoto wake mkubwa, Vijay, na kumchanja mkononi maneno ya kwamba baba yake ni mwizi.

Mama, jina lake Sumitra, awachukua watoto wake hata Bombay, mji ambao tangu mwaka 1995 waitwa Mumbai. Huko walala chini ya daraja. Mama afanya kibarua cha kubeba mizigo kwenye majengo, na Vijay ang'arisha viatu vya wapita njia, ili mdogo wake Ravi apate kwenda shule.

Siku moja bwana mmoja amaliza kung'arishiwa viatu, amtupia Vijay fedha chini. Mtoto akataa kuziokota. Ataka apewe mkononi, kwa sababu amefanya kazi, hakuomba. Kila mzazi angependa mwanawe awe na heshima ya namna hiyo. Lakini rafiki wa bwana yule, aitwaye Davar, ni mkubwa wa magendo, naye amwangalia mtoto huyo kwa jicho la mtu aliyeona kitu chenye thamani.

KULI NAMBA 786

Vijay akua, awa kuli bandarini. Hapa ndipo anapoingia mchezaji Amitabh Bachchan, ambaye sinema hii ilimkuza sana jina. Kibati chake cha kazi kina namba 786. Mzee mmoja Mwislamu, kuli mwenziwe, amweleza kuwa namba hiyo ni yenye baraka, kwa kuwa katika hesabu ya abjadi ndiyo jumla ya herufi za Bismillahi. Vijay ni Mhindu, tena hataki hata kuingia katika hekalu ambamo mama yake husali; hata hivyo akitunza kibati kile kama hirizi.

Kila siku ya mshahara genge la wahuni hupita na kuwatoza makuli sehemu ya jasho lao. Kuli mmoja kijana akataa kutoa, auawa. Vijay naye akataa. Kisha aingia peke yake katika ghala ya wahuni hao, afunga mlango kwa ndani, na kuwapiga wote. Makuli washangilia, na watazamaji washangilia pamoja nao. Lakini habari zafika kwa Davar, naye amwita. Tangu siku ile yule aliyekataa kutozwa na wahuni awa mtu wa magendo.

Jambo hilo halikuwa la kubuni tu. Wakati ule serikali ya India ilikuwa imezuia dhahabu kuingizwa ovyo, na sheria ya mwaka 1968, iliyoendelea hata mwaka 1990, iliweka masharti makali juu ya kuiweka na kuiuza. Kwa kuwa bei ya dhahabu India ilikuwa juu kuliko nje, majahazi yaliivusha kwa siri kutoka Dubai. Wenyeji wa Bombay walipomtazama Vijay walimkumbuka Haji Mastan, mtu wa kweli aliyeanza kwa kubeba mizigo bandarini akaishia kuwa tajiri mkubwa wa magendo.

MKATE ULIOIBWA

Ravi, aliyesomeshwa kwa taabu ya kaka yake, awa afisa wa polisi. Mchezaji wake ni Shashi Kapoor. Wakubwa wake wampa kazi ya kuyavunja magenge ya magendo, naye aona kwamba katika wanaotafutwa yumo Vijay. Moyo wamwenda mbio, asitaka kazi ile.

Siku moja mwizi amkimbia njiani, amwamuru asimame, asimami, ampiga risasi mguuni. Alipomfikia aona ni kijana, na alichoiba ni mkate. Ravi anunua chakula, akipeleka nyumbani kwa kijana yule. Mama wa kijana amfokea kwamba polisi huwawinda maskini na kuwaacha wezi wakubwa. Baba yake ni mwalimu mstaafu, na nyumbani mwake hamna chakula. Lakini amwambia Ravi kwamba wizi ni wizi, uwe mdogo au mkubwa. Ravi atoka pale ameinamisha kichwa, kisha aikubali ile kazi. Akiwa amempiga risasi mwenye njaa kwa ajili ya mkate, atawezaje kumwacha ndugu yake kwa ajili ya dhahabu?

HUKUMU YA MAMA

Ravi amwekea Vijay karatasi akiri makosa yake na kutia sahihi. Vijay ajibu kwamba kwanza zipatikane sahihi za wote waliomdhulumu: waliomlazimisha baba yake, waliomfukuza mama yake kazini, waliomchanja mkono. Jibu hilo lina uchungu wa kweli. Sheria inayomwinda Vijay haikuonekana kule mgodini siku baba yake alipotishwa, wala haikuonekana ghalani makuli walipotozwa. Sinema haifichi jambo hilo.

Lakini mama hakubali udhuru ule. Waliomchanja Vijay walikuwa watu baki. Vijay ni mwanawe, na wizi wake ni aibu anayoitia katika nyumba ya mama yake mwenyewe. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Sumitra aondoka katika jumba la kifahari, amfuata Ravi katika nyumba ndogo ya askari, ingawa moyo wake wampenda Vijay zaidi. Tangu hapo ukuta wasimama kati ya ndugu wawili.

Mwisho wa hadithi, mama amkabidhi Ravi bastola yake na kumwombea mkono wake usitetemeke. Akisha kutimiza wajibu huo, aenda hekaluni kumngoja Vijay. Vijay apigwa risasi na ndugu yake, kibati namba 786 champonyoka, naye ajikokota hata hekaluni na kufa mapajani mwa mama yake.

Waandishi waliutumia mfano uliokuwapo. Katika Mother India, sinema ya Mehboob Khan ya mwaka 1957, mama ampiga risasi mwanawe jambazi kwa mkono wake mwenyewe. Deewaar ilichukua jambo hilo kutoka shamba ikalileta mjini, penye bandari na majumba marefu.

Mwaka 1976 Deewaar ilipata tuzo ya Filmfare ya sinema bora, na Shashi Kapoor akapata ya mchezaji msaidizi bora. Hata hivyo mitaani vijana waliiga mwendo na mavazi ya Vijay, si ya Ravi. Wenye kumwiga walikumbuka ghala na ngumi. Labda hawakukumbuka kwamba Ravi anapopewa nishani ya ushujaa, ampa mama yake heshima ile, na mama huyo amekwisha kumzika mwana mmoja kwa kazi ya mwana wa pili.