Fahamu: Jinsi habari ya hitilafu ilivyopotea ndani ya Linux

Programu iandikapo faili, kiini cha Linux huiweka data kwanza katika kumbukumbu na kuipeleka diskini baadaye. Na programu itakayo yakini huomba kwa wito uitwao fsync, ijibiwe ama data imewasili salama, ama imepatikana hitilafu.

Katika toleo la 4.13, la Septemba 2017, mafundi waliurekebisha utaratibu huo ili kila aliyekwisha kuifungua faili apate habari ya hitilafu, kwani hapo kabla ilimfikia wa kwanza kuuliza, na wenziwe wakabaki gizani. Nia ilikuwa njema. Lakini walidhani kwamba afunguaye faili baada ya hitilafu hana haja na yaliyotangulia, ilhali katika hifadhidata ya PostgreSQL mchakato mmoja huandika na mwingine huomba uthibitisho, nao huenda ukaifungua faili baadaye, ukajibiwa kuwa mambo ni shwari na kumbe data imekwisha potea. Jawabu la uongo, kwa rai yangu, ni baya kuliko kimya.

Dawa iliyotiwa katika toleo la 4.17, mwaka 2018, ni fupi ajabu: hitilafu ambayo hajapata kuarifiwa mtu hukabidhiwa afunguaye faili hata akichelewa. PostgreSQL nayo, tangu toleo la 11.2 la Februari 2019, fsync ikishindwa husimama kwa makusudi, kisha huijenga data upya kutoka katika daftari lake la mabadiliko. Msimamizi apendaye tabia ya kale aweza kuirejesha kwa kuwasha data_sync_retry, nami simshauri mtu yeyote kufanya hivyo kwenye Linux.