Chakula cha Kulipia Mbele: Je, Ni Rahisi au Ni Ghali?



Bila shaka kila mmoja wetu amekwisha kutumwa sokoni kununua nyanya. Mama muuzaji huzipanga mafungu mafungu, na kila fungu lina bei yake. Mambo yakiwa magumu, muuzaji ana njia mbili. Ya kwanza ni kupandisha bei. Ya pili ni kuiacha bei ilivyo, na kuondoa nyanya moja katika fungu. Mnunuzi asiyehesabu huiona njia ya kwanza tu. Leo nataka kuwaeleza habari ya fungu moja lililo mbali sana na Uganda yetu, ambalo limepitia njia zote mbili.

Dada yangu anakaa Marekani pamoja na mumewe na watoto wao wawili, mvulana wa miaka 11 na msichana wa miaka 6. Mwaka 2024 waliazimia kwenda kutembea Walt Disney World, karibu na mji wa Orlando katika jimbo la Florida. Mahali hapo palifunguliwa mwaka 1971, na sasa pana bustani nne kubwa za burudani na mahoteli mengi. Mgeni anayelala katika hoteli za kampuni hiyo aweza kununua mpango wa chakula, yaani kulipia chakula cha safari nzima kabla hajatoka kwake. Dada akaniandikia: “Kaka, wewe ndiwe uliyependa hesabu. Tununue au tusinunue? Fedha itakayobaki nitaileta iwe karo ya mdogo wetu.” Mdogo wetu huyo yumo katika shule hii hii. Basi nikachukua daftari.

Kwanza yafaa tuujue mpango wenyewe. Mgeni hupewa kitu ambacho nitakiita kuponi, ingawa si karatasi. Huandikwa tu katika hesabu yake. Katika mpango wa kawaida wa mwaka 2024, kwa kila usiku atakaolala alipewa kuponi moja ya mlo wa kuhudumiwa mezani, moja ya mlo wa kujichukulia mwenyewe, na moja ya kitafunio kama aiskrimu au bisi. Tena alipewa kikombe cha kujazia vinywaji hotelini muda wote wa safari.

Masharti yake ni haya. Watu wote wa chumba kimoja wenye miaka 3 au zaidi hapana budi waingie katika mpango. Mtoto ni wa miaka 3 mpaka 9. Akitimiza miaka 10 hulipa kama mtu mzima, hata kama tumbo lake bado ni la kitoto. Mikahawa mingine ya fahari hudai kuponi mbili kwa mlo mmoja. Na kuponi zisizotumika hufa usiku wa manane wa siku ya kuondoka, wala fedha hairudishwi.

Sasa tuangalie bei. Mpango ulipoanza mwaka 2005, mtu mzima alilipa karibu dola 35 kwa usiku mmoja. Mlo wake wa mezani ulikuwa na chakula cha kufungulia, kama supu, kisha chakula chenyewe, kitu kitamu cha kumalizia na kinywaji. Na bakshishi ya mhudumu ilikuwa imo ndani. Mwaka 2008 chakula cha kufungulia kiliondolewa, na bakshishi nayo ikaondolewa. Hapo ndipo nyanya zilipopungua katika fungu. Mgeni aliyetazama bei peke yake hakuona badiliko kubwa. Aliyetazama sahani na hesabu ya bakshishi aliliona mara moja.

Lakini tuseme kweli yote: vitu vingine viliongezwa baadaye. Kikombe kile kiliongezwa, na tangu mwaka 2018 mgeni mwenye miaka 21 au zaidi aliweza kuchagua kinywaji chenye kileo pamoja na mlo wake. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, mpango ulisimamishwa. Uliporudi Januari 2024, bei ya mtu mzima ilikuwa dola 94.28 kwa usiku, na ya mtoto dola 29.69.

Je, kupanda huko ni kwa sababu ya thamani ya fedha kushuka tu? Hapana. Kati ya mwaka 2005 na 2024 bei za vitu kwa jumla katika Marekani zilipanda kwa kadiri ya asilimia 60. Kwa kipimo hicho, dola 35 za zamani zingekuwa kama dola 56. Zinazobaki hadi kufikia 94 haziwezi kuelezwa kwa njia hiyo.

Hata hivyo, bei kubwa si lazima iwe hasara. Swali ni hili: wewe utakula nini? Tuseme mlo wa kujichukulia ni dola 18, kitafunio dola 7, na fungu la kikombe kwa siku dola 5. Jumla ni dola 30. Basi mlo wa mezani hauna budi uwe na thamani ya dola 64 ndipo mtu arudishe fedha yake. Anayependa karamu za kujipakulia, ambako watoto hukutana na Mickey Mouse, aweza kufika hapo. Anayekunywa vileo vya bei kubwa naye aweza kufika. Lakini anayekula kuku, akanywa soda na kushiba, hafiki.

Nikarudi kwa dada yangu. Nyumbani kwake hakuna anayekunywa kileo. Mvulana wake angelipa bei ya mtu mzima. Kwa usiku 4, watu wazima 3 na mtoto 1, jumla ilikuwa dola 1,250, na bakshishi juu yake. Nikamjibu, “Msinunue. Kuleni mnachotaka, na kila siku andika.” Wakala mezani mara mbili tu, siku nyingine wakajichukulia, na asubuhi wakala mkate na matunda waliyonunua dukani, kwa maana wageni huruhusiwa kuingia na chakula chao. Walipomaliza, daftari lilionyesha dola 970 hivi. Dola 280 zikabaki, na ahadi ya karo ikatimizwa.

Lakini jirani yake aliununua mpango huo huo wala hakujuta. Wao walikuwa wakila karamu kila siku, tena alisema alistarehe kwa kuwa alijua gharama yote kabla ya kufunga safari. Raha hiyo pia ina bei yake, na anayeitaka halaumiwi, mradi ajue analipa kiasi gani.

Basi enyi wanafunzi, na ninyi mliomaliza zamani ambao sasa mnalipa karo za watoto wenu, fungu la namna hii halipo Florida peke yake. Kila mara mtu akikuuzia vitu vingi kwa bei moja, uliza mambo matatu: Ndani yake mna nini leo? Mwaka jana mlikuwa na nini? Na mimi nitatumia vingapi? Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari.