Taa ya Kwanza ya Mpiga Picha

Wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi vyombo vya kupigia picha vyajitembeza mno, na vijana wetu wanaoianza kazi hiyo hubabaika. Wanunue taa gani ya kupachika juu ya kamera, ile iitwayo flashi, na hali mfuko ni mwepesi?

Swali hili huletewa zaidi na mabinti. Usiku wa kupamba hapa Pwani ni wa wanawake watupu, na mpiga picha wake hana budi awe mwanamke. Ukumbi una giza, na siku yenyewe hairudiwi. Ile taa ndogo iliyomo ndani ya kamera humpiga bibi arusi usoni moja kwa moja: paji lang'aa kama lililopakwa mafuta, kivuli cheusi chajichora ukutani nyuma yake, na hina iliyomchukua fundi saa nyingi yafifia.

Kwa hivyo sifa ya kwanza ya kutafuta ni kichwa kinachogeuka juu na kando. Hicho ndicho kikuwezeshacho kuupeleka mwanga ukutani, urudi umetawanyika na umelainika. Wengi hufundishwa kuuelekeza darini. Lakini katika nyumba za kale za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa, dari ni za boriti, nazo humeza mwanga. Kuta zake za chokaa nyeupe ndizo zifaazo, geuzia huko. Jihadhari na ukuta wa kijani, maana utampaka bibi arusi rangi yake.

Pili ni upimaji. Ziko flashi zinazojipima zenyewe kwa kupitia lenzi, na ziko ambazo nguvu zake wazipanga kwa mkono. Za mkono, mfano wa Godox TT600 na Yongnuo YN560, bei yake ni nafuu zaidi. Zinazojipima humfaa anayewafuata watu wanaotembea, ila nazo hudanganyika: kanzu nyeupe zikijaa pichani hutoa mwanga haba, mabuibui yakijaa hutoa mwingi kupita kiasi. Mwenye kupima kwa mkono hujifunza upesi kwamba masafa yakiongezeka mara mbili, mwanga ufikao hubaki robo. Kwa mwenye fedha kidogo, mimi naipendelea ya mkono.

Tatu, taa na kamera sharti zioane. Canon 250D, iliyotoka mwaka 2019, haina ile nukta ya chuma katikati ya mahali pa kupachikia taa; flashi ya kawaida ya mkono haiwaki juu yake hata ikiwa nzima. Tena flashi inayojipima iliyotengenezewa Nikon haitajipima juu ya Canon. Na ukipewa ya zamani kabatini, usiipachike kabla ya kuuliza: baadhi ya Vivitar 283 za mwanzo hutoa zaidi ya volti 200 pale zinapogusana na kamera, nguvu inayoweza kuiua kamera ya dijitali.

Wala usihadaike na namba ya sandukuni. TT600 yaandikwa 60, lakini kipimo hicho huchukuliwa kichwa kikiwa kimevutwa hadi milimita 200, mwanga umekusanywa kama wa kurunzi. Ukiutawanya ukumbini, namba yashuka sana.

Dukani, nenda na kamera yako. Pachika, washa mara kadhaa, geuza kichwa, uone kama chashika mahali pake. Kisha tenga fedha za betri nane za AA za kuchajiwa: nne ndani ya taa, nne mkobani. Betri zikichoka, flashi huchelewa kujaa, na tabasamu halikungoji.

Sioni haja ya mtu kuingia katika deni la riba kwa ajili ya taa kubwa. Nunua ndogo kwa fedha zako za halali, ujizoeze nyumbani juma zima kabla ya kuchukua kazi ya watu. Na kwa mabinti nasema: picha za kupamba ni amana. Zikishakabidhiwa wenyewe, zisionekane kwengine bila ya idhini yao. Mama wa bibi arusi hataulizia jina la taa yako. Ataukagua uso wa mwanawe, kisha ataulizia picha zimepita mikononi mwa nani.

Wassalaam.