Soksi Zinazouzwa Duka la Dawa

Juma hili tuzungumzie nyimbo za mzaha. Wapo wanaosema nyimbo hizo ni upuuzi mtupu. Mimi nasema tuzichunguze kwanza.

Chukueni Mambo kwa Soksi, wimbo wa marehemu Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila, uliovuma mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukiusikiliza juujuu ni kichekesho: mtu mzima anapanda jukwaani kuwahimiza watu wazima wenzake wavae soksi. Kwa joto la Korogwe, soksi za nini? Kumbe soksi ile ni kondomu, na jambo lenyewe ni ukimwi, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983.

Redio Tanzania haikukubali kuupiga. Wimbo ukapita njia nyingine: kumbi za dansi na kaseti za mitaani. Niliusikia ndani ya basi kutoka Handeni kwenda Korogwe. Abiria tukacheka. Mzee mmoja akauliza, "Mwanangu kondakta, hizo soksi zinauzwa duka gani?" Kondakta akajibu kwa adabu, "Duka la dawa, mzee." Kicheko kikakatika.

Hiyo ndiyo kazi ya mzaha. Baba hawezi kulitaja jambo hilo mbele ya mkwewe, wala kijana mbele ya mama yake. Lakini soksi hutajika popote. Mtoto hucheka akapita; mkubwa hucheka, kisha hufikiri.

Wenzetu wa Poland, ambao maelfu yao walihifadhiwa Tengeru, Arusha, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanaijua mbinu hii. Kwao udhibiti wa serikali ulidumu hadi 1990. Hata hivyo, kati ya 1958 na 1966 televisheni yao ilionyesha Kabaret Starszych Panów, mabwana wawili wenye kofia ndefu wakiimba vituko. Penye mkasi wa mkaguzi, kituko ni kichaka kizuri.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalifumbua. Lakini maradhi hayabagui mjinga na mwerevu. Asiyefumbua naye huugua. Kwa hiyo fumbo la namna hii lina nusu mbili: mwimbaji wa kulifumba, na mtu kama yule kondakta, wa kulifumbua bila haya mtu anapouliza.

Tukutane juma lijalo.