Furaha Haingoji Nyumba Itulie

Kabla hakujapambazuka, kituo cha Maili Moja pale Kibaha huwa kimeshachangamka. Makonda wanaita abiria wa Mbezi, mama ntilie ameshawasha jiko, na wazazi wanapanda magari huku wakipiga simu nyumbani kuuliza kama mdogo ameamka na sare ya mkubwa imepatikana. Hali hii imeongezeka upesi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,098,668 katika Mkoa wa Pwani, ambamo Kibaha na Kisarawe zimo. Ile ya 2022 ikakuta 2,024,947, karibu mara mbili kwa miaka kumi. Wengi wamehamia kutafuta kiwanja cha bei nafuu nje ya Dar es Salaam, wakajenga Picha ya Ndege, Kwa Mathias, Kongowe au Visiga, lakini kazi zao zikabaki Kariakoo na Posta. Kiwanja wamekilipia kwa shilingi, na bado wanaendelea kukilipia kwa saa: daladala hadi Mbezi, gari jingine hadi Kimara, kisha mwendokasi kuingia mjini, na jioni safari hiyohiyo kinyumenyume. Wanapofika nyumbani wanakuta madaftari ya kusahihisha, ndoo za kujaza, mgonjwa wa kumjulia hali na wageni wa msiba wa kijijini. Si ajabu wengi wamejiahidi kwamba wataifurahia familia mambo yakitulia. Hoja ya makala haya ni kwamba ahadi hiyo inatupotosha. Furaha ya familia haiko ng'ambo ya shughuli. Imo ndani yake, kwa sharti kwamba shughuli hizo zinabebwa na wengi.

Upande wa Kisarawe, nyuma ya vilima vya Pugu, pilikapilika zina sura nyingine. Wapo wanaoteremka kila siku kwenda Gongo la Mboto na mjini, lakini ukienda ndani zaidi, kuelekea Masaki na Maneromango, siku hupangwa na shamba: mihogo ya kupalilia na kung'oa, korosho za kuokota msimu ukifika, maji na kuni za kuleta. Tazama kazi moja tu, mboga ya kisamvu. Mmoja huchuma majani machanga, mwingine huyachambua, wawili husimama kwenye kinu wakipokezana michi, wa kwanza akiinua wa pili akishusha, na anayekosea zamu huchekwa mpaka arudi kwenye mwendo. Pembeni kuna aliyekalia mbuzi anakuna nazi, na mtoto anayejifanya anasaidia ili apate kulamba machicha. Mapishi hayo huchukua muda mrefu na hakuna anayeyaita mapumziko. Lakini habari za ukoo hupashwa hapo, mashemeji hutaniana hapo, na binti hujifunza mambo ambayo asingefundishwa kwa kukalishwa chini na kuhutubiwa. Ukimnunulia mama huyo kisamvu kilichosagwa utampunguzia kazi, na huenda anastahili kupunguziwa. Ukiwaondoa wale watu waliomzunguka, utakuwa umemwachia kazi na kumnyang'anya raha yake.

Kwamba binadamu hulea vizuri akiwa katikati ya watu wengi si hisia tu za wazee. Ushahidi mmoja mzito umetoka hapahapa Tanzania, kwa Wahadza wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi. Mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake walifuatilia jinsi Wahadza wanavyopata chakula, wakaona kwamba bibi waliokwishapita umri wa kuzaa hufanya kazi kubwa ya kuchimba mizizi, na kwamba mama anapokuwa na kichanga, jasho la bibi ndilo linalowanufaisha wajukuu walioachishwa ziwa. Mwaka 2009, mwanaanthropolojia mwingine, Sarah Blaffer Hrdy, aliandika kitabu kizima kutetea wazo linalokaribiana na hilo: kwamba spishi yetu ilikua kwa sababu mama hakulea peke yake, bali bibi, shangazi, dada na majirani walimshika mtoto. Waswahili wamelisema siku nyingi kwa maneno machache: mkono mmoja haulei mwana. Ikiwa ndivyo tulivyo, basi nyumba yenye watu wanaoingia na kutoka, wanaoitana na kupokezana mtoto, haijaharibika. Ni nyumba iliyo karibu na namna binadamu alivyozoea kuishi.

Nje ya Tanzania ushahidi unaelekea upande huohuo. Utafiti ulioanza Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1938, ambao umefuatilia maisha ya watu kwa zaidi ya miaka themanini, umeonyesha kwamba uhusiano mwema na wa karibu na watu ni miongoni mwa mambo yanayoashiria vizuri zaidi nani atazeeka akiwa na afya na furaha. Ripoti ya Furaha Duniani ya mwaka 2025 ilizungumzia kula pamoja, ikaona kwamba wanaokula na wenzao huridhika na maisha kuliko wanaokula peke yao. Na kwa mujibu wa ripoti hiyohiyo, huko Ulaya na Mexico, kaya za watu wanne hadi watano ndizo zilizoonyesha furaha kubwa. Wastani wa kaya ya Tanzania katika sensa ya 2022 ulikuwa watu 4.3. Kaya zetu si sawa na za Mexico, na idadi peke yake haileti furaha. Lakini takwimu hizo zinatosha kumjibu anayedhani nyumba tulivu yenye watu wachache ndiyo kilele cha maisha bora.

Yupo atakayepinga kwa ushahidi pia. Mwaka 2004, mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha utafiti uliowahoji wanawake wafanyakazi 909 wa Texas, Marekani, wakiwaomba wakumbuke siku ya jana kipande kwa kipande na namna walivyojisikia katika kila shughuli. Kutunza watoto kulikaa chini katika orodha ya mambo yaliyowapa raha, si mbali na kazi za nyumbani. Matokeo hayo yasipuuzwe. Yanatukumbusha kwamba mzazi akisema amechoka, amechoka kweli, na kumwambia kuwa watoto ni baraka hakumwondolei uchovu. Ila tuusome utafiti huo hadi mwisho. Shughuli iliyoburuza mkia kabisa ilikuwa safari ya asubuhi kwenda kazini, jambo ambalo abiria yeyote wa Kibaha angelithibitisha bila kuhojiwa. Na miongoni mwa zilizopanda juu ni kukaa na watu unaowapenda, kuzungumza na kula. Kilichowachosha wanawake wale ni kazi ya malezi. Kilichowapa raha ni kuwa na watu. Katika familia mambo hayo mawili huja pamoja, na kazi yetu ni kuhakikisha la kwanza halilimezi la pili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wanawake wenyewe: kusifu nyumba yenye shughuli ni kumsifia mama mzigo wake ili aendelee kuubeba kimya. Wana haki. Utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2014 nchini, uliopima pia matumizi ya muda, ulionyesha kwamba saa nyingi za kazi za nyumbani na malezi zisizo na malipo ziko mabegani mwa wanawake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo ilimpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na baba siku tatu. Nyumba ambayo mmoja anapika, anafua, anaogesha na kusimamia masomo huku wengine wakitazama mpira haina furaha ya pamoja. Ina raha ya wachache inayolipiwa na mtu mmoja. Wala si suluhisho kumhamishia mzigo huo binti wa kazi aliyetolewa kijijini, ambaye naye ni mtoto wa watu na anataka kulala, kulipwa na kuheshimiwa. Ndiyo maana sharti la kugawana limetajwa tangu mwanzo. Baba anayemwogesha mtoto jioni hampunguzii mkewe kazi tu. Anajipatia nafasi ya kumjua mtoto wake, nafasi ambayo mshahara haununui. Na kijana wa kiume anayefundishwa kupika ugali na kufua sare yake anajiandaa kuwa mtu ambaye kuishi naye hakuchoshi.

Pingamizi la tatu linasema haya yote ni maneno ya walioshiba: Tanzania imekuwa ikishika nafasi za mkiani katika orodha ya furaha duniani, sasa hizo familia kubwa zimetusaidia nini? Jibu liko katika swali wanaloulizwa wahojiwa. Orodha hiyo hutokana na kumwomba mtu afikirie ngazi ya hatua sifuri hadi kumi, kisha aseme maisha yake yako hatua ya ngapi. Mtu asiye na uhakika wa ada, dawa na mlo atataja hatua ya chini, na atakuwa amesema kweli, hata kama jana usiku alicheka na wanawe hadi machozi. Upendo wa nyumbani haujazi pengo la kipato, na asitokee mtu wa kuutumia kama kisingizio cha kuwanyima watu huduma. Serikali ikifikisha maji, inarudisha saa ndani ya nyumba. Mradi wa maji wa Kibamba hadi Kisarawe uliozinduliwa mwaka 2020 una maana hiyo kwa kaya iliyokuwa ikihangaika na ndoo. Treni ya reli ya kisasa (SGR) iliyoanza safari mwaka 2024, ikipita Pugu, Soga na Ruvu, inaweza kuwa na maana hiyo pia kwa kadiri nauli na ratiba zitakavyomfaa mfanyakazi wa kawaida. Wazo kwamba huduma za umma huisaidia familia lina mizizi Kibaha kwenyewe. Mradi wa nchi za Nordiki wa miaka ya mwanzo ya 1960, uliokabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970 na kuwa Shirika la Elimu Kibaha, uliweka shule, afya na mafunzo ya wakulima mahali pamoja, kwa kutambua kwamba ujinga, maradhi na umaskini huikabili familia kwa wakati mmoja.

Limebaki jambo la kutofautisha. Nyumba yenye shughuli nyingi si lazima iwe nyumba ya vurugu. Watafiti wa malezi wameona kwamba kelele zisizokoma na siku zisizotabirika huwaumiza watoto: hawalali vizuri, hawasomi vizuri, na wazazi huishiwa subira. Mtoto anaweza kuishi na watu tisa akatulia, akijua nani atampokea shuleni, chakula huliwa saa ngapi, na nani wa kumkimbilia akiumia. Anaweza pia kuishi na wawili akahangaika kwa kutojua lolote kati ya hayo. Kwa hiyo familia haihitaji kupunguza watu wala kungoja likizo. Inahitaji mambo machache yasiyoyumba. Mlo mmoja wa siku ambao kila aliyepo nyumbani anaukalia, simu zikiwa zimewekwa kando. Kazi zenye majina ya wenyewe, watu wazima wa kiume wakiwamo. Na yule anayerudi usiku awe na kitu kimoja kisichokosekana na watoto, hata kama ni dakika chache za kuulizana habari za siku.

Anayeahirisha furaha mpaka nyumba itulie ajue atakachokipata. Nyumba zote hutulia hatimaye: watoto huoa na kuolewa, wengine huhamia mbali, wazee huondoka. Utulivu huo hauhitaji kutafutwa, utakuja wenyewe. Kinachotafutwa, na kinachoweza kupotea kwa uzembe, ni nguvu ya kugawana mizigo ya leo ili aliyechoka abakiwe na moyo wa kucheka na wenzake. Familia ya Kibaha au Kisarawe inayoanza kugawana hivyo wiki hii haitakuwa na shughuli chache kuliko wiki iliyopita, ila hakutakuwa tena na mmoja anayezibeba peke yake.